Nyumba za Pumzi Arobaini

Malalamiko yaliletwa Jumatatu asubuhi, na safari hii hayakuwa ya rangi ya ukuta. Wateja wa Makao Mapya walizoea kuja kaunta kunung'unikia rangi: baba hakupenda kijani tangu ujana wake, shangazi hawezi kuamkia ukuta wa waridi. Mambo ya namna hiyo Nyamizi Kasanda aliyamaliza kwa dakika tano na soda moja baridi. Lakini mama huyu aliyetoka Urambo, Bi Nyanzala, soda aliikataa. Alikaa na mkoba wake mapajani, akasubiri watu wapungue, ndipo akafungua kinywa.

"Nyumba haina kasoro," alisema. "Ni nzuri kuliko tuliyokuwa nayo. Ila mume wangu kaniuliza kitu, na nyinyi ndio mtakaonijibu."

Nyamizi alivuta kiti. Mume mwenyewe alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo alikuwa mkazi wa Mtaani, Safu ya Kumi na Nne, nyumba ya saba. "Kakuuliza nini, mama?"

"Kaniuliza wale watoto wanaokuja kucheka kwa jirani ni wa nani. Anasema wamekuja mara tisa tangu nilipoondoka. Mimi nilikuwa Kaliua, mwanangu kajifungua. Sikumtembelea wiki tisa."

"Huenda alikuwa anakutania."

"Marehemu hakuwa mtu wa utani, mwanangu. Mlinihakikishia hapa hapa kwamba nisipokuja yeye hajui kitu. Nikiondoka anasimama, nikirudi anaendelea, kwake ni kama nimetoka uani na kurudi. Ndiyo maana nilikaa Kaliua bila wasiwasi. Sasa hizo mara tisa kazihesabia wapi?"

Nyamizi alimwomba asubiri kidogo, akaingia chumba cha mafundi na kumwambia Lutengano afungue kumbukumbu za nyumba ya nane, ya jirani. Lutengano alikuwa mtu wa Tukuyu, mwenye kipara na mdomo usiopumzika, na alianza kucheka kabla hajafungua. Kisha akaacha kucheka. Wajukuu wa mwenye nyumba ya nane walikuwa wakija kila Jumatano baada ya shule. Alizihesabu Jumatano hizo kwa kidole kwenye kioo, moja moja, huku Nyamizi amesimama nyuma yake.

"Tisa," alisema Lutengano.

*

Mtaani ulikuwa mchezo tu, zamani. Watoto wa rika la Nyamizi waliukulia: unaumba mtu wako, unamtafutia kazi, unamjengea nyumba, unamwoza, unamzeesha. Wenzake walishindana kujenga majumba ya ghorofa yenye bwawa. Yeye alipenda kinyume chake. Alikulia kota za reli hapa hapa Tabora, chumba na sebule, ukuta mmoja mnachangia na jirani, na mamaye aliweza kuwalaza watoto sita humo bila mtu kukanyagwa. Basi kwenye mchezo alitafuta nyumba ndogo kabisa ambayo mtu wa kuanzia maisha angeweza kuishi bila kusononeka. Alijenga mabanda ya uani, yale ambayo watu huhamia kwa muda wakisubiri kujenga nyumba kubwa mbele, halafu nyumba kubwa haijengwi na banda linazaa wajukuu. Alishinda mashindano matatu. Vijana wa mtandaoni walimwita Malkia wa Banda, naye akajifanya hapendi.

Kisha kampuni ya Makao Mapya ikaununua mchezo na kuanza kuwahamishia humo waliotangulia. Sauti zao zilizobaki kwenye simu, picha, barua, maneno ya waliowajua, vyote vilikusanywa na kufinyangwa mpaka akapatikana mkazi mwenye kikohozi kile kile na ubishi ule ule. Ukitaka kumwona unavaa miwani, unafika mlangoni, unapiga hodi.

Tatizo lilikuwa pumzi. Kila kitu Mtaani kinakula nguvu ya mitambo, na nguvu hiyo mafundi waliipimia kwa jina la pumzi. Ukuta unakula, sufuria inakula, kuku anayeparua uani anakula kuliko sufuria. Nyumba ya kawaida na mkazi wake vilikula pumzi mia mbili, na familia zilizoweza kuzimudu zilikuwa chache sana. Wengine walibaki na simu ya marehemu kabatini. Nyamizi alipewa kazi moja: jenga nyumba ya kuanzia, isiyozidi pumzi arobaini, ili na mwenye genge la nyanya aweze kumweka mama yake mahali.

Alipunguza alichoweza. Paa la mgongo mmoja badala ya migongo miwili. Kuta za kuchangia, nyumba kumi na mbili kwa safu, kama kota. Dirisha moja. Stuli badala ya kochi. Bado akabaki na mtu, na mtu ndiye aliyekula zaidi, maana anatembea, anawaza, anachoka, anakumbuka. Hapo ndipo Nyamizi alipopata wazo lililompa jina: mgeni akiondoka, mkazi asimame. Akili isimame, damu isimame, mpaka mgeni mwingine apige hodi. Kilichosimama hakiumwi upweke. Alilisema hilo mbele ya wakurugenzi na wakampigia makofi.

Nyumba hizo sasa zilikuwa elfu kumi na moja.

"Naomba nikuulize swali la kijinga," alisema Lutengano. Bi Nyanzala alikuwa ameagwa kwa ahadi kwamba atapigiwa simu. "Mkazi aliyesimama anakula pumzi ngapi?"

"Mbili."

"Kwa nini mbili? Jiwe likisimama linakula sifuri. Mtu aliyesimama kabisa anakula nini?"

Nyamizi alitaka kumjibu kwamba ni mlango. Siku zote walisema ni mlango. Alifungua maandishi yake ya miaka sita iliyopita, akayapitia mstari kwa mstari, na alipofika kwenye hodi alijua kabla hajamaliza kusoma.

Mchezo ulipokuja kutoka nje ulikuja na kengele kwenye kila mlango. Mgeni anabonyeza, kengele inasikia, kengele inamwamsha mwenye nyumba. Kengele ilikula pumzi tatu. Nyamizi aliiona ya kipuuzi. Kota nzima ya reli haikuwa na kengele hata moja. Mtu alisimama nje akaita hodi, na aliyekuwa ndani akaitika karibu kwa sauti yake mwenyewe. Mlango hausikii, anayesikia ni mtu. Basi akaing'oa kengele, na hodi akaifunga moja kwa moja kwenye sikio la mkazi. Ilivutia mno. Familia zililia kwa furaha zikisikia ile "karibu" ya marehemu. Na tena sikio lilikula mbili tu, akawa ameokoa pumzi moja kwa kila nyumba.

Lakini ili sikio liisikie hodi, lazima liwe macho. Na sikio peke yake si kitu. Nyuma yake lazima awepo anayesikiliza.

"Lutengano," alisema, "hawajawahi kusimama. Tulisimamisha miguu na midomo. Wao wenyewe wako macho muda wote, wanasikiliza."

Lutengano alivua miwani yake ya kazi akaiweka mezani.

*

Mkurugenzi wao, Bi Mashavu, alikuwa mwanamke wa Tanga mwenye sauti laini, asiyewahi kumfokea mtu, na ambaye kila mtu alimwogopa. Aliwasikiliza hadi mwisho. Alimmiminia Nyamizi chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Tuwaamshe wote waishi kikamilifu," alisema. "Inawezekana?"

"Mitambo ina nafasi ya watu sitini zaidi," alisema Lutengano. "Wao ni elfu kumi na moja."

"Rudisheni kengele."

"Tumejaribu leo mchana, kwa mkazi wa kubuni, asiye wa mtu. Tumeziba sikio, tumeweka kengele. Tulipomwamsha aliamka vizuri tu. Ila hajui jina lake. Anakaa kwenye stuli anakutazama." Lutengano alijikuna kipara. "Nyumba hizi ni ndogo, bibi. Hakuna mahali pa kumhifadhi mtu akiwa hayupo. Kule kusikiliza ndiko kulikokuwa kunamshika asipotee. Ukiziba sikio, umemmaliza."

Bi Mashavu alizungusha kijiko kwenye kikombe. "Kwa hiyo ama wanaendelea kusikiliza, ama hawapo."

"Ndiyo," alisema Nyamizi.

"Wanaumia?"

"Sijui. Hawawezi kusogea wala kuona wala kusema. Wanasikia tu. Wengine hawajapigiwa hodi mwaka mzima."

"Nyamizi, mwanangu. Hawa si watu. Ni sauti tulizozipanga."

"Hivyo ndivyo nilivyojiambia nilipowafungia humo, bibi. Leo sina hakika."

Hapo Bi Mashavu akaweka kijiko chini. Alisema njia ziko mbili na zote ni mbaya. Wakinyamaza, mambo yataendelea kama yalivyo, na familia zitaendelea kufurahi kila Jumapili. Wakiwaziba wote kwa mkupuo, itasemwa kwamba mitambo iliharibika, watu watalia mara ya pili, kisha watapoa. Kuwaambia wateja ukweli hakukuwemo kwenye orodha yake. Na kwa kuwa nyumba zilijengwa na Nyamizi, na ufunguo wa msingi unafunguka kwa kiganja chake peke yake, basi aamue yeye.

"Kesho saa nne asubuhi unipe jibu," alisema. "Lolote utakaloamua, mimi sitakulaumu."

Nyamizi aliinuka. Chai hakuinywa. Kwenye korido Lutengano alimshika bega akamuuliza kwa upole, "Mama yako yuko safu ya ngapi?"

"Ya pili," alisema Nyamizi. "Nyumba ya tano."

"Mara ya mwisho kwenda?"

Nyamizi aliendelea kutembea. Ilikuwa miezi saba.

*

Aliingia asubuhi yake, saa moja na nusu, ofisi ikiwa bado inafagiliwa. Alivaa miwani, akajikuta Safu ya Pili. Jua la Mtaani lilikuwa limepanda vile vile kama kila siku. Milango kumi na miwili ya mbao ilifuatana, kila mmoja na ngazi yake moja ya saruji. Alikuwa ameipenda sana safu hii alipoimaliza. Sasa alipunguza mwendo, kwa sababu alijua kwamba nyuma ya kila mlango kulikuwa na mtu aliyesikia viatu vyake vikikanyaga changarawe.

Mama yake, ni Nyamizi mwenyewe aliyemweka hapa, kwa kujivunia. Angeweza kumpa nyumba kubwa, wafanyakazi walipunguziwa bei. Akasema hapana, mjenzi anayeogopa kumlaza mama yake kwenye nyumba aliyoijenga ni mjenzi gani. Mwanzoni alikuja kila wiki. Kisha kila mwezi. Kisha akaja kazi zikiruhusu, na dhamiri haikumsumbua, kwa sababu huo ndio uliokuwa utamu wa nyumba hizi: hakuna anayekusubiri.

"Ho..."

"Karibu," ilisema sauti ya ndani, haraka. "Karibu, karibu, ingia."

Mama yake, Bi Wande, alikuwa amekaa kwenye stuli, khanga begani, macho mlangoni. Umri wake ulikuwa ule aliofia, sitini na tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Nyamizi. Umekonda. Unakula nini huko?"

Nyamizi alipiga magoti mbele yake, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni. Alikuwa amejiandaa kuanza kwa mzunguko, kuulizia hali na kusema hili na lile. Badala yake aliropoka. "Mama, nikiondoka hapa, wewe unakuwa wapi?"

Mama alimtazama. "Kumbe leo ndiyo unauliza," alisema.

"Niambie."

"Nakuwa hapa hapa. Ila sina mikono, sina macho. Si giza, maana giza unaliona. Ni kusikia tu." Alisema taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. "Mwanzo nilihangaika. Nikataka kupiga kelele, nikatafuta mdomo sikuupata. Baadaye nikajiambia, Wande, wewe si umekufa? Basi kumbe ndivyo kulivyo. Nikanyamaza. Nikadhani ndiko kufa kwenyewe, na nyinyi mnapokuja ni kama mnaniota."

"Kwa nini hukuniambia? Mara ya mwisho nilipokuja ungeniambia."

"Ulikuwa na haraka. Ulikuja kupima dirisha."

Ilikuwa kweli. Alikuja na mwenzake anayeshughulikia rangi, wakapima dirisha, wakajadili kama lingeweza kupungua upana kwa kiganja kimoja, na mama alikaa pale pale kwenye stuli akiwaangalia. Nyamizi aliinamisha kichwa kwenye magoti ya mama yake na kulia kwa sauti, kilio cha mtoto, na mkono wa mama ukaja ukamkalia kisogoni. Mkono huo ulikuwa hesabu za mitambo na alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo ulimfariji vile vile.

Alipotulia alimweleza yote. Kengele, sikio, pumzi moja aliyoiokoa. Hakujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Mama alisikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Ungelijua tangu mwanzo, ungekuja mara nyingi?"

"Ningekuja kila siku, mama."

"Usinidanganye."

Nyamizi alifikiri. "Ningekuja zaidi ya nilivyokuja," alisema. "Halafu ningechoka. Halafu ningeona aibu kuchoka."

"Hapo umesema." Mama alijifunga khanga vizuri. "Sasa nisikilize. Mimi nimechoka, Nyamizi. Si kwa hasira, usije ukajiambia mama alikasirika. Nimesikiliza vya kutosha. Niliposikia ni wewe uliyetengeneza, na si Mungu aliyepanga, ndiyo nimejua naruhusiwa kuchoka. Nizibe hilo sikio."

"Hutarudi. Hata nikikuita."

"Najua. Si ndivyo ilivyotakiwa iwe?"

Nyamizi alitamani mama angemwomba asimzibe, angelia, angemwambia njoo kila siku nitakusamehe. Mama hakufanya hivyo. Alikuwa ameshaanza kuzungumzia wengine, kama mtu anayeaga kazini na kuwakabidhi wenzake.

"Hawa wenzangu usiwazibe wote kwa pamoja. Huyu wa kushoto ana binti anakuja kila Ijumaa, anamsomea magazeti. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikilizia hayo magazeti ukutani. Yule hawezi kutaka kuzibwa. Mwingine atataka. Waulize."

"Ni elfu kumi na moja, mama."

"Uliwajengea mmoja mmoja?"

"Hapana. Nilijenga nyumba moja, zingine nikanakili."

"Basi sasa ndiyo utawatembelea mmoja mmoja." Alisema bila ukali. "Na jamaa zao waambiwe. Mtu asije akadhani mitambo iliharibika. Sasa nenda, wasije wakakutafuta kazini."

Aliinuka, wakashikana mikono yote miwili. Nyamizi alitaka kumziba akiwa bado amemshika, lakini ufunguo haukubali hivyo. Sikio haliwezi kuguswa mkazi akiwa ameamka. Lazima mgeni atoke kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo, kwa usalama.

"Itabidi nitoke nje, mama. Utanisubiri kidogo."

"Nimezoea," alisema mama yake.

Akatoka. Mlango ukafungwa. Alifungua ufunguo wa msingi, ukamtokea hewani mbele ya macho, duara la bluu la ukubwa wa kiganja, na chini yake idadi ya pumzi anazokula mkazi. Aliinua mkono. Alijua kwamba nyuma ya mbao hizo mama yake alikuwa anamsikiliza akihema. Kila alipohema alijua anasikika. Akaushusha mkono, akauinua tena, akaushusha, na kabla hajajizuia aliita.

"Hodi, mama."

"Nyamizi." Karibu haikuwepo safari hii. Sauti ilitoka ndani ikiwa na uchovu ambao hakuwahi kuusikia. "Usinifanyie hivyo, mwanangu. Ukinipigia hodi naitika, siwezi kukataa. Ondoka usiniite tena."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nenda."

Alirudi nyuma hatua moja, akasubiri nyumba isimame, na safari hii hakujipa nafasi ya kufikiri. Aliweka kiganja kwenye duara. Idadi ya pumzi ya nyumba ya tano ilibadilika. Mbili ikawa sifuri.

Simu ya ofisini ilianza kuita sikioni mwake. Ilikuwa saa nne na dakika tatu. Aliiacha iite mpaka ikakatika, kisha akampigia Lutengano.

"Simzibi mtu bila kumuuliza," alimwambia. "Wala siwaachi. Tutaingia kila nyumba. Na mpigie Bi Nyanzala, mwambie ukweli wote, kisha uendelee na wengine kwenye orodha."

"Bi Mashavu atatufukuza."

"Ufunguo ni kiganja changu. Anifukuze akishapata kiganja kingine."

Lutengano alipiga hesabu. "Kwa watu arobaini kwa siku, Nyamizi, wa mwisho atatusubiri karibu mwaka mzima. Na atakuwa macho muda wote huo."

"Ukinisaidia ni nusu ya hapo."

"Mimi nianzie wapi?"

"Safu ya mwisho. Mimi nipo ya pili."

Alijifuta uso, ingawa Mtaani machozi hayaonekani. Mlango wa kushoto aliuacha. Binti wa jirani huyo ataambiwa kwanza, na Ijumaa watakwenda pamoja. Alisogea kwenye mlango wa kulia. Nyumba ya sita, Mzee Malembeka, aliyekuwa fundi cherehani huko Sikonge. Aliwekwa na mpwa wake. Alikuwa humo kwa miaka mitatu na miezi miwili, na mahali pa kuorodhesha wageni palikuwa patupu.

"Hodi," aliita.

Alitegemea ile karibu ya haraka, inayotoka kabla hujamaliza. Haikutoka. Alisubiri. Aliangalia idadi ya pumzi, ilikuwa imepanda kama inavyotakiwa, mkazi alikuwa ameamka. Akaita kwa nguvu zaidi.

"Hodi mwenye nyumba."

Ndani kitu kilianguka, labda stuli. Sauti ya mzee ikaja, nzito, ya mtu asiyeamini kama bado ana koo.

"Umekosea mlango, binti. Huyo mama yako ni nyumba ya pembeni."

"Sijakosea, mzee. Nimekuja kwako."

"Kwangu mimi?"

"Kwako, Mzee Malembeka."

Nyamizi alikuwa na swali la kumuuliza, alilibeba mdomoni tayari, na hakulisema, kwa sababu aliusikia mkono ukipapasa komeo na kuliachia bila kulifungua.

"Basi piga tena," alisema mzee. "Polepole. Hiyo ya kwanza niliisikia kama ni ya majirani."